Gaudiose na Watu wa Kamera

Siku ya kwanza nilipomwona Gaudiose alikuwa amesimama nje ya geti la redio yetu pale Majengo, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, imekatika. Ilikuwa mwezi wa kumi, vumbi la Mpanda limepanda mpaka juu ya paa. Mimi ndiye mlinzi wa lile geti na ndiye mtunzaji wa jenereta.

"Habari za asubuhi, kaka. Hapa ndipo wanapotangaza watu waliopotea?"

Nikamwonyesha mlango kwa mkono.

Alikuwa amekuja kumtangaza mume wake, Telesfori. Alipomaliza kueleza, bosi wetu Sylvanus alimwambia akae barazani asikilize, maana tulikuwa na spika inayotoa matangazo nje. Sylvanus akasoma mwenyewe. Telesfori, mkazi wa Majengo, mrefu, maji ya kunde, alivaa fulana ya kwaya ya zambarau yenye njiwa mweupe mgongoni, alitoka nyumbani kwenda kwenye shughuli zake na hajarudi. Alisoma mbio kama kawaida yake. Gaudiose akainuka, akaingia ndani bila hodi.

"Bosi, ukisoma hivyo hata mimi mke wake nisingemtambua. Unasoma kama bei ya mahindi."

Sylvanus alicheka. "Basi soma wewe, mama."

Alidhani atakataa. Gaudiose akaketi, akavuta maikrofoni, akasoma taratibu, kila neno likisimama peke yake. Alipofika kwenye njiwa wa mgongoni alisoma polepole zaidi. Simu zikaanza kupigwa. Hakuna aliyekuwa amemwona Telesfori. Walikuwa wanauliza yule dada ni nani. Wiki iliyofuata Sylvanus alimwita kazini.

Wazazi wake Gaudiose walitoka Burundi, naye alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, akakulia huko kwenye mihogo na maharage. Alisoma sekondari miaka miwili, fedha zikaisha. Telesfori alikuwa mtu wa Karema, mvuvi tangu utoto, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani. Walikutana kwenye mashindano ya kwaya, wakaoana, wakahamia mjini na mtoto wao mmoja, Upendo. Gaudiose alikaanga samaki sokoni. Telesfori alifanya vibarua, na kiangazi kilipokuwa kikali, mito ikabaki madimbwi, aliingia hifadhini kuvua kambale kwenye tope. Kuingia hifadhini kuvua ni kosa, kwa hiyo kwenye tangazo tulisema shughuli zake. Kila mtu Majengo alijua ni shughuli gani.

Mtu akipotea namna ile, maneno huwa mawili. Wengine walisema ameliwa. Wengine walisema amevuka ziwa, ana mwanamke huko. Waliosema hivyo walikuwa wengi, maana ni maneno yanayochekesha zaidi. Na aliyeyasema kwa nguvu kuliko wote alikuwa kaka yake Telesfori, Nestori, fundi mwashi. Kwa sababu yeye ndiye mkubwa wa ukoo hapa mjini, neno lake lilitosha.

"Hatumlilii mtu aliye hai, shemeji," alimwambia mbele ya watu. "Telesfori amechoka. Ulimsema sana kuhusu vibarua. Siku akichoka na huko aliko, atarudi."

Hivyo hapakuwa na matanga. Hakuna turubai lililofungwa, hakuna aliyekuja kumhani. Gaudiose hakuwa mjane, wala hakuwa mke. Upendo alitaniwa shuleni kwamba baba yake ameoa ng'ambo ya ziwa, akarudi nyumbani akauliza kama kweli. Mama yake akamjibu hajui. Nadhani hicho ndicho kilichomsumbua kuliko vyote, kumjibu mtoto hajui.

Kipindi alichopewa kilikuwa cha kuwahoji watu juu ya kazi zao, kwa nusu saa kila Jumamosi. Mimi nilimpeleka kwa pikipiki ya redio na kubeba kinasa sauti, maana Sylvanus hakumwamini mtu mwingine na ile mashine. Nilimaliza darasa la saba Inyonga na sijasoma zaidi, lakini kwa kumsikiliza yeye nilijifunza namna ya kuuliza. Hakuanza na kazi. Alianza na nyumbani kwenu ni wapi na mnakula nini. Halafu nani alikufundisha, kosa lako la kwanza lilikuwa lipi, kazi hii imekula nini mwilini mwako. Watu walifunguka. Warina asali wa Inyonga walimwonyesha makovu. Dereva wa lori la tumbaku alilia.

Mwisho wa kila mahojiano alikuwa na swali moja ambalo halikubadilika: "Na huko porini, umewahi kukuta kitu cha mtu?"

Wasikilizaji walidhani ni mtindo wake. Watoto wa Majengo walikuwa wakiigiza: na huko porini, umewahi kukuta kitu cha mtu? Mimi nilijua kwa nini hawahoji mafundi cherehani wala wapishi. Alichagua watu wanaoingia porini.

Mfugaji mmoja aitwaye Masalu, Msukuma wa upande wa Mlele, alimjibu, "Nimekuta ndala moja, mama. Nikaivaa."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto. Ya kulia bado naisubiri."

Watu waliokuwa pale walicheka. Gaudiose naye alicheka, kisha akaomba aione. Masalu akaivua. Ilikuwa ya kijani, ndogo, ya mtoto. Gaudiose akamrudishia, akamshukuru.

Mwaka ukapita hivyo. Kiangazi kilichofuata, Obadia, kijana anayeongoza watalii kutoka Sitalike, alipita redioni akasema kuna watengeneza filamu wawili, mtu na mkewe, wamepanga kijijini wanafunga mizigo. Wamekuwa hifadhini vipindi viwili vya kiangazi wakipiga picha za viboko, ndani kabisa, hata mjini hawakufika. Sylvanus alifurahi mno.

"Wamarekani?"

"Waaustralia, bosi. Ukiwaita Wamarekani wananuna."

"Gaudiose, nenda. Waulize walianzaje, walisomea wapi, filamu inatengenezwaje. Vijana wetu wajifunze. Na usiwaulize mambo ya vitu vya watu. Hao ni wageni."



Tuliwakuta nyuma ya nyumba waliyopanga, wamekaa kwenye viti vya kukunja, masanduku ya kamera yamepangwa ukutani. Mume aliitwa Keith, mzee mwembamba mwenye ngozi iliyoungua kama udongo wa tofali. Mke aliitwa Helen. Nikaweka kinasa sauti juu ya sanduku, nikarudi nyuma. Obadia alikaa katikati kutafsiri.

"Nyumbani kwenu ni wapi, na mnakula nini?"

Keith alicheka. Alisema amezaliwa kwenye nchi ya kondoo, ambako mvua inaweza kuruka mwaka. Baba yake alikuwa mkata manyoya. Walikula kondoo, na siku ya sikukuu, kondoo.

"Kosa lako la kwanza?"

"Harusi ya mjomba wangu. Ndiyo siku niliyoshika kamera mara ya kwanza. Nilikata vichwa vyote. Bibi harusi shingo, bwana harusi shingo, padri shingo. Mjomba hakunisemesha mwaka mzima."

Gaudiose alicheka mpaka akashika kifua. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka namna ile.

Helen alisema yeye alianza na sauti. Alikuwa akilala kwenye vinamasi kunasa milio ya vyura. "Baba yangu aliniuliza, wewe mwenye matope hivyo, atakuoa nani?"

"Ukamjibuje?"

"Mwenye matope mwenzangu." Akamwonyesha Keith kwa kidole.

Waliongea vizuri. Keith alisema kazi hii imekula mgongo wake na ndoa yake ya kwanza. Alieleza kukaa ndani ya kibanda cha nyasi kuanzia jua linachomoza mpaka linazama, akisubiri mnyama ageuze shingo tu. Alisema kamera si jicho, ni subira. Gaudiose akauliza, "Kiboko mdogo akinasa kwenye tope, na nyie mna gari na kamba, mnafanya nini?"

"Tunapiga picha."

"Hamumtoi?"

"Tukimtoa, mamba analala njaa. Sisi hatuna upande. Kazi yetu ni kuwepo, na kuwa kama hatupo."

Gaudiose alitikisa kichwa polepole. Kisha akaomba aonyeshwe hizo kamera. Kubwa ilikuwa kama kitu cha vita. Lakini Helen alitoa pia visanduku vidogo vya rangi ya gome la mti, akaeleza kwamba hivi vinafungwa mitini kando ya madimbwi na kuachwa peke yake. Kitu kikipita, kisanduku kinaamka chenyewe, kinapiga picha fupi inayotembea, kinalala tena. Yeye Helen alivizungukia, na jioni akatazama kilichopatikana.

"Zipi unaweka, zipi unatupa?"

"Upepo ukitikisa tawi, nafuta. Nyani akikojolea kamera, nafuta, ingawa Keith husikitika. Magari ya watalii, nafuta. Watu, nafuta."

"Watu?"

"Hupita mara mojamoja. Wavuvi, watu wa asali. Nafuta wasije wakapata matatizo. Na filamu yetu ni ya pori. Mtazamaji wa kwetu akimwona mtu na ndoo, anasema hapa si porini."

Obadia alitafsiri hilo kwa sauti ya chini, akaongeza la kwake: "Dada, hawana nia mbaya."

Mimi nilitazama taa nyekundu ya kinasa sauti. Nilidhani sasa atauliza lile swali lake. Hakuliuliza. Aliendelea kuuliza juu ya kazi.

"Wewe unayefuta, unawakumbuka?"

Helen akafikiri. "Mmoja namkumbuka. Mwaka jana, maji yakiwa yamekaribia kuisha, kwenye dimbwi la chini, pale mto Katuma unapopinda. Aliiona kamera. Hawaioni kwa kawaida. Alikuja karibu, akainama akaichungulia kama mtu anayetazama ndani ya mtungi. Halafu akavua kofia, kama anasalimia. Akageuka, akaingia kwenye matete. Mgongoni alikuwa na ndege."

"Ndege gani?"

"Mweupe. Amechorwa kwenye nguo."

"Nguo rangi gani?"

Helen alitazama huku na huku akitafuta rangi, akagusa mto wa kiti chake. Ulikuwa wa zambarau.

Obadia hakutafsiri. Hakukuwa na haja. Yeye pia alikuwa amelisikia lile tangazo, Katavi nzima ililisikia.

"Na picha ya kurudi?" akauliza Gaudiose. "Alipotoka kwenye matete?"

Helen alifungua mdomo. Nikaona uso wake unabadilika. "Hakuna picha ya kurudi."

"Baada yake kuna nini?"

Keith ndiye aliyejibu, kwa sababu alikuwa bado hajaelewa. "Baada yake viboko. Walitoka kwenye matete wote kwa mara moja, wakiwa wamekasirika, tope limeruka mpaka juu. Ni picha bora tuliyopata nchi hii. Ndiyo inayofungua filamu."

Helen aliweka mkono kwenye goti la mumewe. 

"Nionyesheni," alisema Gaudiose.

Walileta kompyuta, wakaiweka juu ya sanduku la kamera. Picha ilikuwa fupi, haina sauti. Matete yametulia. Korongo mmoja amesimama kwenye maji. Korongo anaruka. Matete yanapasuka, viboko wanatoka, wakubwa na wadogo, wakipandana, midomo wazi, na tope linaruka mpaka nusu ya kioo ikawa nyeusi. Kisha basi. Hakuna mtu, hakuna ndoo, hakuna zambarau. Gaudiose alisema irudiwe. Ikarudiwa. Akasema tena. Mara ya tatu alisogeza uso karibu sana, akatazama pembeni mwa matete na siyo viboko. Hakukuwa na kitu.

"Asanteni," alisema. "Kazi yenu ni nzuri."

Akaiweka maikrofoni chini. Keith alimuuliza Obadia kitu, Obadia akamjibu maneno machache. Keith akainuka, akaenda nyuma ya gari, hakurudi. Helen alikuwa analia. Alimkumbatia Gaudiose, naye Gaudiose akakubali kukumbatiwa kama mtu anayepimwa na fundi nguo, mikono imening'inia.

Njiani tuliposimama kujaza mafuta, alicheka kidogo peke yake. "Alivua kofia," aliniambia. "Telesfori alikuwa anasalimia hata transfoma ya umeme."

Siku ya pili alinichukua na kinasa sauti twende kwa Nestori. Tulimkuta anachanganya zege, hakuacha koleo. Gaudiose akamwambia asikilize. Nestori akakaa juu ya tofali, nikabonyeza. Sauti ya Helen ikatoka, kisha ya Obadia, mpaka mwisho. Vibarua wake walikuwa wamesimama.

"Sauti ya mzungu si maiti," alisema Nestori.

"Maiti utaipata wapi, shemeji, nayo iko tumboni mwa mamba?"

Kibarua mmoja alikohoa. Zege lilianza kukauka na hakuna aliyeligusa.

"Rudisha pale pa kofia," Nestori aliniambia.

Nikarudisha. Akasikiliza. Akaniambia nirudishe tena.

"Ile fulana nilimnunulia mimi," alisema. "Kwaya ilipokwenda Sumbawanga, hakuwa na ya kuvaa." Kisha akainuka, akanawa mikono kwenye ndoo. "Nilikuwa namtukana. Mwaka mzima nimemtukana mtu aliyekufa."

Kwao, mtu akifa mahali asipopatikana, huzikwa mgomba. Wanaukata urefu wa mtu mwenyewe, wanauosha, wanaufunga sanda, wanaulaza kwenye mkeka, na kila kinachofanywa kwa maiti kinafanywa kwa ule mgomba. Usipofanya hivyo, wanasema, marehemu anabaki njiani na wenye nyumba wanabaki njiani. Nestori aliukata mwenyewe na kuubeba begani kutoka bondeni, hakutaka kusaidiwa. Turubai likafungwa. Wanawake walewale waliokuwa wakisimulia habari za mwanamke wa ng'ambo ya ziwa walikuja na kuni na unga, wakalia kwa sauti kubwa. Gaudiose aliwapokea wote. Kwaya iliimba, na mahali pa sauti ya nne palisikika pamepwaya.

Upendo alisimama ukingoni mwa kaburi. "Baba yumo?"

"Hayumo," mama yake alimjibu. "Lakini tutakuja hapa."

Nadhani Gaudiose alifurahi kwamba safari hii hakusema hajui. Sina hakika. Uso wake haukuonyesha kitu.

Obadia alikuja msibani na ujumbe wa Helen. Walikuwa wamefika Dar es Salaam, wanauliza kama waiondoe ile picha kwenye filamu yao. Gaudiose alifikiri huku akichambua mchele.

"Waambie waiache. Wakiiondoa, atakuwa amefutwa mara mbili."

Lakini redioni mambo yalikuwa mengine. Sylvanus alisikiliza mahojiano yote, akafunga mlango, akatuita. Alikuwa ametoka jasho.

"Gaudiose, dada yangu, pole sana. Ila hii sehemu ya pili siwezi kuirusha. Mtu ameingia hifadhini kuvua. Tukirusha tutaulizwa, na wale wageni wataulizwa. Naomba niishie pale pa kueleza kamera."

Nilimtazama.

"Kata, bosi," alisema Gaudiose. "Mimi nimeshaisikia."

Jumamosi kipindi kikaruka hewani. Alikuja kukisikiliza barazani, chini ya ile spika ya siku ya kwanza. Upendo alikuwa pembeni yake amekalia begi lao, walikuwa wanasubiri gari la Katumba. Alikuwa anarudi kwao kulima. Spika ikatoa harusi ya mjomba isiyo na vichwa, ikatoa vyura, ikatoa kicheko cha Gaudiose chote, kirefu. Helen akaeleza visanduku vinavyofungwa mitini. Halafu ukaingia wimbo.

Ujumbe ulimiminika kwenye simu ya redio. Sylvanus alitoka nje akatusomea. Mmoja wa Karema alisema ni kipindi bora cha mwaka. Mwingine alisema mtangazaji anacheka vizuri, acheke zaidi. Gaudiose alisikiliza jumbe zote mpaka mwisho, akasema asante.

Gari likapiga honi barabarani. Nilibeba begi lao mpaka mlangoni, nikalipandisha. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimekaa naye kwenye pikipiki moja na sikuwa nimemwambia hata maneno ishirini yasiyo ya kazi. Nikamuuliza kama atarudi redioni, hata baada ya mavuno.

Alikuwa ameshapanda. Aliinama dirishani ili nimsikie.

"Nije kuuliza nini tena, kaka Felisiani? Mimi nilikuwa na swali moja tu."